Viatu vya Mabawa na Lifti Mbovu

Binti yangu alikuwa na miaka kumi aliponiletea miungu ya Wayunani nyumbani. Mwalimu wake alikuwa ametoa kazi: kila mtoto achague shujaa mmoja wa hadithi za kale za watu hao, asome kisa chake, kisha asimame mbele ya darasa aeleze namna alivyoshinda. Niliposikia neno shujaa nilifurahi. Nilidhani nitasikia habari za watu waliohangaika.

Majina ya mashujaa wenyewe siyaandiki, kwa sababu ulimi wangu uliyakataa tangu siku ya kwanza. Majina ya majirani zangu nayo siyaandiki, kwa sababu wenyewe wangekataa.

Ilikuwa mwaka 2019. Tuliishi Joubert Park, Johannesburg, ghorofa ya nane, kwenye fleti ya vyumba viwili na balkoni iliyozibwa kwa mbao na plastiki. Mwenye mkataba wa fleti alikuwa msusi mmoja kutoka Lubumbashi, shemasi katika kanisa letu, na kila mtu alimwita Mama Shemasi, hata wateja wake wa nywele. Alilala chumba kikubwa. Mimi na binti yangu tulilala chumba kidogo. Kwenye balkoni alipanga Mrundi mmoja, Muislamu, mtu wa makamo, mlinzi wa mchana kwenye jengo la ofisi kule Marshalltown. Mimi ni mshonaji, mzaliwa wa Uvira, na cherehani yangu ilikaa kwenye kibaraza kilichotazamana na jengo analolinda yeye. Lifti ya jengo letu ilikuwa imekufa kabla sisi hatujahamia, Mungu airehemu.

Binti yangu anakisikia Kiswahili vizuri sana, lakini hunijibu kwa Kiingereza, na akikasirika hujibu kwa Kizulu. Hapa nitamwandika kwa Kiswahili. Angalau kwenye karatasi yangu anitii.

Shujaa wake wa kwanza alikuwa kijana aliyetumwa akakate kichwa cha mwanamke mwenye nywele za nyoka. Ukimtazama mwanamke huyo usoni, unageuka jiwe.

"Alimwezaje?" nikauliza, huku nikipindua suruali ya karani mmoja.

"Miungu ilimsaidia. Mungu mke wa hekima alimpa ngao iliyosuguliwa mpaka ikawa kama kioo, ili amwangalie humo. Mwingine akampa upanga. Akapata pia viatu vyenye mabawa, na kofia ambayo ukiivaa watu hawakuoni, na mfuko wa kutilia kichwa."

"Na yeye mwenyewe alileta nini?"

Akafikiri. "Mkono."

"Na huyo mwanamke alikuwa anafanya nini wakati kijana anakuja?"

"Amelala."

Basi huyo ndiye shujaa. Kijana mzima anapewa viatu, kofia, ngao, upanga na mfuko, anaruka kwenda kumkata mwanamke aliyelala, na darasa zima linapiga makofi. Ningepewa mimi vifaa hivyo, Johannesburg hii ningekuwa nimeimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Nikamwambia atafute mwingine. Akatafuta, na kila aliyemleta alikuwa na mungu nyuma yake. Mmoja alipoteza silaha zake vitani. Mama yake, ambaye ni mungu wa baharini, akapanda mwenyewe hadi kwa mungu mhunzi kumwombea nyingine mpya, zenye nakshi. Mwingine alikuwa anapigwa vibaya katika pambano la watu wawili, mchana kweupe, majeshi yote yakitazama. Mungu mke wa mapenzi akamfunika kwa ukungu, akamchomoa, akaenda kumshusha chumbani kwake kitandani, ananukia manukato. Nilimuuliza binti yangu kama huyo naye anaitwa shujaa. Akasema kitabu hakikueleza vizuri.

Mmoja tu ndiye niliyempenda kidogo, yule aliyehangaika miaka baharini akirudi nyumbani. Chombo chake kilipovunjika, mungu mke mdogo wa majini alitoka akampa shela yake, akamwambia ajifunge kifuani, hatazama. Akifika nchi kavu ailegeze, aitupe tena majini, na asigeuke kutazama. Hapo niliacha kushona. Nikataka kujua ilikuwa kitambaa gani. Kitabu hakikusema, maana vitabu huandikwa na watu wasionunua vitambaa. Lakini nilipenda kwamba aliirudisha. Mtu anasaidiwa na nguo, akimaliza anairudisha kwa mwenyewe.

"Na huyu," binti yangu akasema, "mungu mke wa hekima ndiye alimsaidia sana. Lakini hakujionyesha. Siku moja alijifanya msichana aliyebeba mtungi. Siku nyingine mchunga kondoo. Siku nyingine alijifanya rafiki yake mzee."

"Kwa nini asije kama alivyo?"

"Sijui. Labda wangeogopa." Kisha akauliza lake: "Mama, kama miungu ilikuwa na nguvu hivyo, kwa nini isiende yenyewe ikamalize kazi?"

Nilimwambia hilo ni swali la kumuuliza Pasta. Nilikuwa natania. Kwa Pasta wetu hakuna anayeuliza swali. Kwake watu hupeleka ushuhuda.

Kwa asiyejua makanisa yetu: kila Jumapili, baada ya nyimbo na kabla ya sadaka, mwenye ushuhuda husimama mbele akapewa kipaza sauti. Ana haki ya kusema mpaka amalize. Hakuna wa kumkatiza, hata Pasta, kwa sababu ni kazi ya Bwana inayosemwa, na nani atamkatiza Bwana? Mpiga kinanda humfuata polepole, kanisa huitikia amina. Na sheria ya pili, ambayo haikuandikwa popote lakini wote tunaishika: binadamu hatajwi. Ukimtaja binadamu umemwibia Mungu utukufu.

Mimi ninayesema hivi nimeketi kwenye viti vile nikasikia mama mmoja akilia kwa furaha, jinsi Bwana alivyomvalisha binti yake gauni la harusi wakati kila fundi alikuwa amekataa kwa kukosa muda. Bwana huyo nilikuwa mimi. Vidole vyangu vilikuwa bado na matundu ya sindano. Nikaitikia amina pamoja na wengine, ningefanya nini? Tena gauni lilikuwa limekaa vizuri.

Nikawa nafikiria, nikiwa pale. Kwa Wayunani, mungu alijifanya jirani. Kwetu, jirani anafanywa Mungu, kisha anarudi nyumbani kwa miguu bila hata asante.

Basi ikaja ile siku vurugu zilipofika mjini, watu wakaanza kuvunja maduka ya wageni. Shule ilitupigia simu wazazi tukachukue watoto. Nilikimbia. Cherehani niliiacha palepale kibarazani, imefunikwa kwa kanga, kana kwamba kanga ni ukuta. Nilipomfikisha binti yangu ghorofa ya nane, barabara za kurudi Marshalltown zilikuwa zimejaa watu na moshi. Nikakaa sakafuni nikalia. Ile cherehani ndiyo ilikuwa ada, chakula na mlango tuliolala nyuma yake. Mama Shemasi aliniwekea mkono kichwani akaomba kwa sauti kubwa kwamba Bwana atume jeshi lake la mbinguni. Alikuwa na sauti nzuri, siwezi kumkatalia.

Kwenye saa kumi jioni tukasikia kishindo kwenye ngazi, kisha sauti ya mtu akimtaja Mwenyezi Mungu kwa uchungu. Tukashuka. Kwenye ghorofa ya nne, palipokuwa na maji siku zote kwa sababu ya bomba ambalo hakuna aliyelitengeneza, Mrundi wetu alikuwa amelala chali na sare zake za ulinzi. Juu ya kifua chake kulikuwa na mfuko mkubwa wa miraba. Ndani ya mfuko kulikuwa na kichwa cha cherehani yangu, kizima, bila hata mkwaruzo. Kitu cha chuma kizito vile, na alipoteleza alikikumbatia akaangukia bega.

"Umepitaje?" nilimuuliza tulipomkalisha. "Watu wote wale?"

"Dada, hakuna mutu aliniangalia. Mimi ni sekyuriti. Nimevaa kofia yangu, nimebeba mufuko, watu wanajua ni kazi." Akajaribu kunyanyua mkono, ukakataa. "Nilisimama hata kwa robot. Ilikuwa nyekundu."

Watu wanavunja vioo, yeye anangoja taa iwe kijani. Binti yangu alinitazama, nami nikajua anachofikiria. Kofia ambayo ukiivaa watu hawakuoni, kumbe Johannesburg wanaigawa bure pamoja na fulana ya kung'aa. Viatu vya mabawa tu ndivyo walivyosahau, na kwa lifti ile vingefaa.

Nilimshika mkono ule mzima nikamwambia asante. Niliisema mara nyingi, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa.

"Mushukuru Mungu, dada," akasema. "Mimi ni nani?"

Hata yeye! Niliudhika, nakwambia kweli. Bega limevimba kama andazi, na bado anampelekea sifa mwingine. Kliniki alikataa kwenda, kwa sababu kukaa foleni siku nzima ni kukosa kazi, na mkubwa wake hapendi mlinzi mgonjwa. Akawa anaenda kazini na mkono mmoja. Jaketi la sare alilitundika begani kama bwana harusi, kwa kuwa mkono wa kushoto haukupanda hadi kwenye tundu la mkono wa nguo. Kila asubuhi nilimwona pale balkoni akipigana na jaketi, na kila asubuhi jaketi lilishinda.

Wiki chache baadaye, kwenye maombi ya Ijumaa, Pasta akapata maono. Aliona nyumba yenye mlango wa kahawia, na ndani yake mtu mmoja anayefunga baraka za wengine. Milango yote ya jengo letu ni ya kahawia, na nadhani ya Johannesburg nusu. Lakini Mama Shemasi alirudi nyumbani ameshika kichwa.

"Kuko mutu mu nyumba yangu," akaniambia jikoni. "Njo maana mambo haiendeke. Wateja banapunguka. Nani? Weye unaomba na siye. Mutoto ni mutoto. Kunabakia nani?"

"Mama, ni yule aliyeleta cherehani."

"Ile cherehani, ni mimi niliomba," akasema. Na aliamini, hakuwa na hila. "Bwana alijibu. Ule alikuwa ni chombo tu. Hata punda Bwana alimutumia."

Akamwambia Mrundi atafute pengine, mwisho wa mwezi aondoke. Mrundi akasema sawa, Mungu atafungua. Lakini nilimsikia akipiga simu kwa watu wake, mmoja baada ya mwingine, na baada ya zile vurugu hakuna aliyetaka mgeni mpya kwenye fleti yake. Mwisho akasema ataomba alale msikitini Mayfair mpaka apate. Kutoka Mayfair mpaka kazini ni mwendo mrefu kwa miguu, na kwenye basi dogo mwenye bega lile angeminywa kila kona. Angechelewa, mkubwa angemtazama, angeuona mkono. Haikuhitaji maono kujua kinachofuata.

Nilijaribu tena kwa Mama Shemasi. Akaniambia maono ni maono. Nilimwendea Pasta, akaniambia Shetani hujigeuza mfano wa malaika wa nuru. Nilikuwa na hasira mpaka nikajichoma sindano, mimi niliyeanza kushona kabla sijaota meno ya ukubwani.

Jumapili ya mwisho ya mwezi nikanyoosha mkono kwamba nina ushuhuda.

Nilivaa kitenge changu kizuri. Binti yangu alikaa kiti cha mbele. Mpiga kinanda akanipa ile sauti yake ya chini, nikaanza kama inavyotakiwa. Bwana asifiwe. Tena asifiwe. Nikaeleza jinsi mji ulivyochafuka, jinsi nilivyoiacha cherehani kibarazani, jinsi Mama Shemasi alivyoomba jeshi la mbinguni. Hapo Mama Shemasi alisimama akapunga kitambaa.

"Na jeshi likaja," nikasema. "Alikuja mmoja tu. Alikuwa na kofia, na wote waliovaa hasira siku ile hawakumwona! Alipita katikati yao!"

"Amina!"

"Alibeba chuma ambacho wanaume wawili hukibeba kwa kupokezana. Alifika kwenye njia panda, akasimama, akangoja, kwa sababu hana haraka ya wanadamu!"

"Amina!"

"Akateleza ghorofa ya nne, wala cherehani haikuguswa. Bega lake ndilo lililoumia kwa ajili yangu!"

Kanisa likalipuka. Wengine walikuwa wameshaanza kucheza. Pasta, ambaye hawezi kukaa kimya pakiwa na moto asiouwasha yeye, akachukua kipaza sauti cha pili. "Malaika!" akapaza. "Semeni na mimi, malaika!" Wakasema naye, tena na tena. "Mama, utuambie! Huyo malaika wa Bwana alienda wapi?"

Nilikuwa namngoja aulize.

"Hakwenda popote, Pasta. Yuko kwa Mama Shemasi, kwenye balkoni. Kesho ndiyo anafukuzwa."

Kinanda kiliendelea kidogo peke yake, kisha kikanyamaza nacho.

Sikumtazama Mama Shemasi. Nilimtazama Pasta, nikaona akihesabu kichwani, kama mtu aliyekata kitambaa kabla ya kupima. Neno lilikuwa limeshatoka mdomoni mwake, kwenye kipaza sauti chake, mbele ya kanisa lake. Kulimeza hakuwezekani. Akafuta jasho. Kisha akasema, polepole, kwamba Bwana hutumia apendaye, na kwamba nyumba inayomfukuza mgeni wa Bwana ni nyumba yenye hatari kubwa. Amina, nikasema, kwa sauti kuliko wote.

Kwenye ngazi, tulipokuwa tunapanda kurudi nyumbani, binti yangu aliniuliza kama nimesema uongo kanisani.

"Nimesema uongo gani?"

Akapitia ushuhuda wote kimoyomoyo. Tulifika ghorofa ya nne bado anapitia. "Haibo," akasema mwisho, kwa mshangao wa Kizulu. "Hakuna."

Mrundi hakufukuzwa. Mama Shemasi, ambaye moyoni si mtu mbaya, alimpelekea balkoni sahani ya bugali na sombe, yale majani ya muhogo ya kwao, akabisha hodi kabla ya kuingia, jambo ambalo hajawahi kunifanyia mimi. Shida ikawa nyingine. Watu wa kanisa wakaanza kupanda ghorofa nane na chupa za maji wakitaka aziguse. Aliwaambia, "Mimi ni Muislamu, nafanya kazi ya sekyuriti." Wakatazamana wakitabasamu: malaika anajificha. Mama mmoja alimletea picha ya mwanawe anayetafuta kazi Cape Town. Mwingine aliomba namba za bahati. Hakuna hata mmoja aliyepanda na dawa ya kuchua.

"Dada, umenifanyia nini?" akaniambia siku moja, amekunja uso. "Watu wanapiga magoti. Mimi nataka kuswali."

"Nimekubakizia balkoni."

"Hiyo ni kweli." Akajishika bega. "Lakini mukono bado hawajanirudishia."

Nikamwomba anipe jaketi lake, Jumapili, siku asiyofanya kazi. Alidhani nataka kulifua. Nikalifumua mshono wa bega la kushoto, kutoka kwenye kola mpaka kwapani, nikatia zipu. Juu yake nikarudisha utepe wa begani, ule ambao sare zote za ulinzi huwa nao bila kazi yoyote, ukaifunika zipu isionekane. Mvaaji angeweza kuuacha mkono umelala ubavuni, akalizungushia jaketi, akafunga zipu kwa mkono mwingine, akawa mtu aliyevaa sare kamili mbele ya mkubwa yeyote. Nilishona kwa uzi maradufu. Binti yangu alikaa karibu akinishikia taa ya simu, maana umeme ulikuwa umekatwa, na alikuwa ananieleza kwamba darasani amemchagua yule wa shela. Mwalimu alikuwa amemuuliza ushindi wa shujaa huyo ni upi. Alijibu, "Aliirudisha."

Nilimpelekea jaketi kabla ya swala yake ya jioni. Alilivaa polepole, akingoja yale maumivu aliyozoea, nayo hayakuja. Akafunga zipu. Akajitazama kwenye kioo cha dirisha. Akajigusa lile bega, akapapasa mpaka akaipata zipu chini ya utepe, akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka tangu ile siku ya ngazi.

"Alhamdulillahi," akasema, macho yamelowa. "Mungu ni mukubwa."

"Ni mkubwa," nikasema. "Lakini hiyo zipu nimeshona mimi."

Akageuka akanitazama. Nilikuwa nimesimama na sindano mdomoni, mikono kiunoni, na sikuwa natania hata kidogo. Mama Shemasi alikuwa anasikia kutoka jikoni, na asikie.

"Asante, dada," akasema.

"Karibu," nikasema. Nikakaa chini, nikalia tena kama ile siku ya vurugu, ila mara hii cherehani ninayo, na asante pia.